Nyumba za mawe za kupanga, Mji wa Kale Lamu

Msimu wa kaskazi, pepo za miezi ya joto, nyumba hizi hazina mpinzani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hutuliza joto, na tokeni za stima hudumu kwa kuwa feni huwashwa kidogo. Ila kagua kuta kabla ya kutoa kodi na dipoziti. Ukuta uliopigwa lipu ya saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, kisha hubambuka kuanzia chini. Wa chokaa hupumua. Na saruji ndiyo wenye nyumba wengi hukimbilia, inasikitisha! Gonga boriti za dari. Zikilia kama kitu kitupu ndani, huenda zimeliwa na mchwa. Onja maji ya bomba kama yana chumvi. Vyombo vyako vya nyumbani huvuka kwa boti kutoka Mokowe, gati ya bara, kisha hubebwa na punda: patana bei mapema. Orofani, mbali na unyevu wa chini, panastahili nyongeza ya kodi.