Sebule yangu ya Tabata baada ya masika: wolpepa, paneli za mistari na kochi la mninga

Nimeishi na sebule hii mwaka mmoja na miezi mitatu. Masika imeipitia, vuli imeipitia, kwa hiyo sasa naweza kusema kipi kimekaa na kipi kimenitia hasara. Nilitaka kile ambacho kila mtu anakitaka siku hizi: ukuta wa mistari nyuma ya televisheni, taa zimejificha kwenye jipsamu, na rangi tulivu za udongo. Nyumba yetu ni ya zamani kidogo na iko upande wa bondeni. Hilo la bondeni ndilo lililoamua mengi.

Nianze na wolpepa maana ndiyo iliyoniuma. Nilinunua roli sita Kariakoo, zile za upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10, zenye majani ya mgomba. Duka likanipa na fundi wake. Kijana alifanya kazi safi, maungio huyaoni hata ukisogeza uso, akamaliza siku hiyohiyo. Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika kasi, nikaona kona ya chini imejikunja. Nikaivuta kidogo tu, ikaja yote hadi usawa wa goti. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetoa unga mweupe wa chumvi, umetapakaa madoa meusi ya ukungu, na harufu nzito kama ya sanduku la nguo zilizofungiwa mbichi. Nilipowapigia, duka likasema eti nilipiga deki nikarushia maji ukutani. Si kweli, na imenisikitisha mpaka leo, kwa sababu yule kijana aliweka kiganja chake kwenye ukuta ule kabla hajaanza na hakuniambia kitu.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima, jirani wa dada yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku tayari anagongagonga plasta kwa kidole. "Mwanangu, ukuta huu unakunywa maji toka chini. Ukiuvalisha chochote kitaozea humohumo." Akabandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba pande zote nne kwa gundi ya karatasi, akasema tusikiguse kwa siku mbili. Tulipokuja kukitazama, matone yalikuwa upande wa ndani, ule unaoegemea ukuta. Yangekuwa upande wa nje, alisema, ingekuwa ni unyevu wa hewa tu, na Dar huo haukosekani. Kumbe nje, mgongoni mwa ukuta huo, tulikuwa tumelundika udongo wa bustani ya maua hadi juu ya msingi! Tuliuondoa, tukachimba mfereji mdogo wa kupitisha maji ya paa, akabandua plasta kwa kimo cha mita moja na kupiga upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Kisha tukasubiri wiki sita. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko roli zote sita, na haionekani kwenye picha yoyote, lakini ndiyo hela ninayoiona imekwenda mahali pake.

Baada ya hapo ndipo nikaweka paneli za mistari. Zangu ni za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, urefu mita 2.9, tukazikata kidogo juu. Muhimu ni namna zinavyofungwa: fundi alitanguliza vipande vyembamba vya alumini ukutani, akazipigilia hapo, hivyo hewa inapita nyuma. Wengi wanazigandisha kwa silikoni moja kwa moja, inakuwa rahisi na haraka, ila ukuta ukilowa hujui. Zangu hazijacheza. Usumbufu wake ni vumbi linalokaa kwenye mifereji. Natumia brashi ya kupakia rangi, kavu, kila Jumamosi.

Taa za jipsamu: nilibadilisha mara moja. Zile nyeupe kali za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) zinafanya sebule ifanane na duka la dawa. Nikaweka za 3000K, zina umanjano, na jioni hata wageni wanaongea kwa sauti ya chini.

Rangi za ukuta mwingine nilichagua kahawia laini. Kampuni ya Pantone iliitangaza Mocha Mousse kuwa rangi ya mwaka 2025. Sisi tuna jina letu la siku nyingi, maji ya kunde, na ndilo nililomtajia mchanganya rangi, akanielewa papo hapo.

Kochi nimechongewa Keko, fremu ya mninga. Nilikwenda mara tatu kabla halijavikwa sponji, nikaliona mifupa yake: viungo vimechomekwa na kugundishwa, havikupigwa misumari tu. Fanyeni hivyo, maana likishavikwa hujui kama ndani kuna mninga au paina. Mninga haupindi ovyo na mchwa hawaupendi. Nilipokosea ni kitambaa. Mahameli ya kijani inapendeza sana, lakini mwezi wa kwanza na wa pili, umeme ukikatika na feni ikasimama, unainuka mgongo umelowa. Nimeshashona foronya za pamba nyeupe za kulivika kipindi cha joto.

Zulia la manyoya sikuchukua. Nina mkeka wa ukindu, mkubwa, wenye mistari ya zambarau, unaofagiliwa na kuanikwa juani, na watoto wanalala juu yake mchana kutwa.

Wolpepa ilibaki roli moja na nusu. Nilibandika nailoni kwenye ukuta wa katikati wa chumba cha kulala, ule usiogusa nje, nikangoja siku mbili. Ilitoka kavu pande zote. Majani ya mgomba yako pale sasa, nyuma ya kitanda, na kona zote zimelala.