Uzoefu wangu: nauza korosho mtandaoni toka Mtwara, wateja wanakansel mzigo ukiwa njiani

Wadau naomba niseme langu kuhusu hii apu ya kuuzia bidhaa ambayo naitumia mwaka wa tatu sasa. Jina sitalitaja, ila wanaouza vitu toka mikoani wengi wataijua wenyewe maana kilio chetu ni kimoja. Nyota naipa mbili na nusu kati ya tano. Wateja inaleta, hilo silipingi hata kidogo. Kinachoniumiza ni hiki kitufe cha kukansel oda, mteja anakibofya muda wowote anaotaka, hata mzigo ukiwa umeshapakiwa kwenye basi, na hasara yote inabaki kwangu.

Mimi niko Mtwara mjini, nauza korosho zilizobanguliwa, zile za kuoka zenye chumvi na zile nyeupe ambazo mtu anaenda kuoka mwenyewe. Nachukua kwa kikundi cha akina mama wanaobangua kwa mkono. Asiyewahi kuona ubanguaji ajue hii kazi sio ndogo: korosho ghafi zinachemshwa, zinaachwa zipoe, zinabanguliwa moja moja, zinakaushwa, halafu wanakaa kumenya lile ganda jembamba la ndani bila kuvunja korosho, na yale mafuta ya ganda la nje yakikugusa yanaunguza ngozi, vidole vinakuwa vyeusi vinabanduka. Halafu ndio kuchambua, nzima kivyake, vipande kivyake. Kwahiyo ninapofunga katoni ya kilo 6 za nzima tupu nimeshika jasho la watu, na nimeshawalipa wale mama kwa hela yangu kabla mteja hajatoa hata mia.

Sasa utaratibu wa ile apu ni lipa ukipokea. Mteja anaagiza, mimi napata notifikesheni, nafunga mzigo, napeleka stendi, nabofya "imetumwa", mteja akipokea ndio analipa. Kwa mtu aliyeko Dar anayemuuzia mtu wa Dar ni sawa, bodaboda anafika ndani ya saa moja, mteja akikataa mzigo unarudi dukani jioni hiyo hiyo. Huku kwetu Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, mzigo unaondoka alfajiri unafika jioni ama usiku, na mteja anaenda kuuchukua kesho yake. Ndani ya huo muda wote kitufe kiko wazi.

Nitasimulia moja tu kwa kirefu, nyingine zinafanana. Desemba, wiki ya kuelekea Krismasi, kaka mmoja wa Tabata aliagiza kilo 6. Sikutuma hivi hivi, tuliongea kwa simu kabisa, akaniambia "dada nataka nzima tupu, kipande hata kimoja sitaki, nazipeleka ukweni". Nikakaa na binti yangu usiku tukachambua upya kwenye sinia, tukazifunga nusu nusu kilo kwenye vifuko vya kubana, tukapanga kwenye katoni, nikaandika kwa maka peni jina lake, namba yake na neno MBAGALA kwa herufi kubwa, maana ofisi ya basi atakakochukulia mzigo iko huko. Alfajiri nikaenda nayo Mkanaledi, stendi yetu ya mabasi, nikalipia mzigo 7,000, nikapiga picha risiti nikamtumia WhatsApp na namba ya basi. Akajibu kwa kidole gumba. Basi limeshapita Lindi, linaitafuta Nangurukuru, simu inalia: mteja ameghairi oda, sababu "nimepata kwingine".

Nikapiga. Ikaita ikakatwa. Nikapiga tena akapokea, na aliongea vizuri tu, hakuwa na jeuri, "samahani dada yangu, kuna jamaa kaniletea hapa hapa Tabata na bodaboda, nisingeweza kusubiri mpaka usiku". Kumbe aliagiza kwetu sisi watu kadhaa kwa wakati mmoja, atakayewahi ndio huyo huyo. Jamani! Na hizo korosho alizoletewa Tabata nazo inawezekana zimetoka huku huku kusini, tofauti ni kwamba zimeshafika Dar zinasubiri kwenye stoo ya mtu.

Nikampigia konda, akaniambia mama mimi mzigo nashusha ofisini, kama mwenyewe hauchukui utalipia kurudi. Nikalipia tena 7,000. Katoni ilikaa kwenye ile ofisi ya vifurushi siku kadhaa ikisubiri nafasi, msimu wa sikukuu mabasi yamejaa, ilivyorudi kona moja imebonyea, juu yake kuna alama ya duara ya dumu lililokuwa limewekwa, na vifuko viwili vimepasuka. Korosho ya kuoka ikishapigwa na hewa na unyevu wa pwani imekwisha, ukitafuna haikatiki, inajikunja na kunata kwenye meno. Zilizosalimika niliziuza, zile za vifuko vilivyopasuka nikawapa kwa bei ya kutupa vijana wanaofunga vipakti. Kilo nauza 25,000, faida yangu kwenye kilo ni ndogo, nauli ya kwenda na kurudi 14,000 ikaimeza karibu yote, hapo sijahesabu kilichoharibika.

Sisemi mteja asighairi. Mtu anabadilisha mawazo, anafiwa, anaishiwa, ni binadamu. Dada mmoja wa Dodoma aliwahi kughairi asubuhi kabla sijafunga mzigo, akaniandikia mtoto kalazwa hela yote imeenda hospitali, nikamwambia pole mamangu, mtoto apone kwanza, na mwezi uliofuata aliagiza tena mwenyewe. Na ile Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikakata barabara kule Somanga, mabasi yakakwama, watu walighairi na walikuwa na haki kabisa, nani atasubiri korosho ambazo hajui zitavuka lini. Shida yangu ni muda. Kughairi kabla mzigo haujatoka hakuniumizi, kughairi mzigo ukiwa njiani ni kunitia hasara, na hii apu inaviona vitu viwili hivi kama kimoja.

Tena inaongeza. Kuna asilimia ya oda zilizokamilika inayoonekana kwenye ukurasa wa kila muuzaji, mteja akighairi asilimia yangu inashuka mimi, hata kama sababu aliyochagua yeye mwenyewe ni "nimebadili mawazo". Ikishuka bidhaa zangu zinasogezwa chini kwenye matokeo ya kutafuta, mtu akiandika "korosho" anaanza kuona watu wa Dar, sisi wa Mtwara na Lindi ambako korosho zenyewe zinatoka tunaonekana baada ya kuteremsha mpaka kidole kichoke. Baada ya ile mvua ya Hidaya asilimia yangu ilianguka vibaya sana. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikawatumia skrinshoti zote, nikajibiwa ujumbe ule ule wa kupangwa kwamba wanathamini maoni yangu. Hakuna mtu aliyenipigia mpaka leo.

Na haya mambo yana namna ya kufanyika, sio kwamba nadai muujiza. Nimekaa nikasoma masharti ya masoko makubwa ya nje. eBay mnunuzi anaomba kughairi ndani ya saa moja tangu aagize, muuzaji ana siku 3 za kukubali ama kukataa, na kama mzigo umeshatumwa anaweza kukataa, mnunuzi akishapokea ndio waongelee kurudisha. Muuzaji akighairi oda kwa sababu mnunuzi kaomba, haihesabiwi kama kosa la muuzaji, inayohesabiwa ni pale muuzaji anaposema mzigo hana wakati ameshauza. Etsy ndio kabisa, mnunuzi anaomba, anayeghairi ni muuzaji. Kule Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo kisheria, ila gharama ya kurudisha mzigo kwa kawaida anabeba yeye, na vitu vinavyoharibika haraka haviingii humo. Yaani hata kule ambako mnunuzi analindwa sana bado wamefikiria nani alipe nauli. Huku nauli nalipa mimi kwenda, nalipa mimi kurudi, na maksi nakatwa mimi.

Najua pia kwanini wateja wetu wanapenda lipa ukipokea. Wametapeliwa sana. Watu wametuma hela Instagram wakaletewa kitu tofauti na picha, ama wakablokiwa kabisa. Tangu lile soko la mtandaoni la Jumia lifunge Tanzania Novemba 2019 tumebaki na kurasa za Instagram, magrupu ya WhatsApp na apu ndogo ndogo, mnunuzi hana wa kumkimbilia, kwahiyo akishika hela yake mkononi mpaka aone mzigo simlaumu. Mimi mwenyewe nikinunua simu ama vitenge nafanya hivyo hivyo. Lakini hofu yake isigeuke kuwa deni langu.

Ninachofanya sasa hivi ni hiki. Oda ikiingia sifungi kitu, napiga simu kwanza. Namsalimia, namuuliza anataka nzima au vipande, za kuoka au nyeupe, na namuuliza wazi kama ameagiza na kwa mwingine. Wengi wanasema ukweli ukiwauliza kwa heshima. Halafu namwambia hela ya korosho atalipa akipokea ila nauli ya basi anatuma kabla kwenye Lipa Namba, na nauli hiyo hairudi mzigo ukishapanda. Hapo ndio mchujo wenyewe. Anayetaka kweli anatuma dakika hiyo hiyo, anayejaribu bahati anasema "ngoja nitakutafuta" na harudi. Oda zimepungua, sitaficha, ila zinazoondoka zinafika na zinalipwa, na katoni za kurudi siku hizi ni chache sana. Kuna mteja aliniambia dada unanikosesha imani kwa kudai nauli kabla, nikamtumia picha ya mimi na mzigo nikiwa Mkanaledi na namba za wateja wawili wa Dar walionikubalia niwape watu, akawapigia, akatuma. Sasa hivi ananunua kila mwisho wa mwezi.

Kwa haki niseme na uzuri wake. Bila hii apu nisingepata mtu wa Mwanza wala Arusha, kule wananijua kwa sababu yake. Kupandisha picha ni rahisi, haili bando, na hela ya mteja aliyelipa kwa simu inaingia bila kuzungushwa. Kamisheni yao ni ya kawaida. Kama unauza kitu kisichoharibika, mfano vitenge au vinyago, na una mtu Dar wa kukutunzia mzigo, unaweza kuifurahia kuliko mimi.

Wenye apu kama mnasoma, naomba mawili tu. Muuzaji akishapandisha picha ya risiti ya basi, kile kitufe kifungwe, mteja anayetaka kughairi baada ya hapo aongee na muuzaji na nauli aibebe yeye. Na oda iliyoghairiwa na mteja isiguse asilimia ya muuzaji. Msimu mpya ukianza Oktoba nitaangalia tena, nikikuta mambo ni yale yale akaunti naifunga na wateja nilionao nawahamishia WhatsApp, namba zao zote ninazo.