Habari za saa tatu usiku: suti nyota tano, habari nyota mbili

Stesheni siitaji, watu wa Kampala mtaijua tu. Picha safi, sauti safi, studio inang'aa balaa. Shida ni watangazaji, siku hizi ni maselebu bwana. Juzi mvua imepiga, mtaa wa Bwaise hapa Kampala umejaa maji kama kawaida yake, ripota kasimama kwenye tope na gambuti mpya kabisa, kamera inamfuata yeye tu, mama anayechota maji sebuleni kwake kwa beseni tunamuona kwa nyuma, hata jina hakuulizwa, na ile mitaro iliyoziba kwa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, hakuna aliyeigusa. Tukirudi studio wanasifiana gauni weee, fundi anashukuriwa hewani, eti na bethidei ya mwenzao, keki kwanza ndio bei ya petroli baadaye!

Wa michezo namheshimu, anasoma matokeo anaondoka zake.

Mimi nimerudi redioni, BBC Swahili, hao wako hewani tangu 1957 na sijui hata wamevaa nini. Kama king'amuzi unacho tayari, sawa, angalia mpira. Ila kulipia kifurushi kisa habari hizi, usijisumbue ndugu yangu.