Bilauri ya Edo Kiriko: uzoefu wangu wa kuinunua na kuikata kwa mkono

Glasi yangu ya kwanza niliyodhani ni Edo Kiriko, yaani kioo cha Tokyo kinachokatwa michoro kwa mkono, niliinunua mtandaoni kwa yeni 3,800. Ilikuwa bluu iliyokolea, nikaiweka dirishani kwa furaha. Siku ya pili nikaona mstari mwembamba ukipanda ubavuni kutoka kitakoni hadi mdomoni: alama ya kalibu. Glasi nzima ilimiminwa, michoro na yote. Nikarudi kusoma maelezo ya duka, kumbe waliandika "mtindo wa kiriko", na mimi neno "mtindo" nimelipita. Pesa sikurudishiwa. Naandika haya ili mwenzangu aliyejibana kwa miezi akitafuta zawadi ya maana asipite njia hiyo.

Nilitaka kujua tofauti iko wapi hasa. Basi Jumamosi moja nikalipia somo la dakika 90 katika karakana ndogo wilayani Sumida, mashariki mwa Tokyo. Karakana nyingi za kazi hii ziko upande huo, Sumida na jirani yake Koto. Yeni 5,000, na glasi uliyoikata unaondoka nayo.

Glasi unayokabidhiwa ina matabaka mawili: ndani kioo kisicho na rangi, nje ngozi nyembamba ya kioo cha rangi, vikiwa vimeshikanishwa wakati wa moto. Fundi hapaki kitu. Anaondoa tu, na kila panapometa ndipo rangi ilipoliwa na gurudumu. Gurudumu lenyewe lina vumbi la almasi, ukingo wake umechongoka, na linazunguka huku maji yakilidondokea. Juu ya glasi kunachorwa vistari vichache vya kuongoza jicho. Ua lenyewe halichorwi popote, limo mikononi mwa fundi.

Sasa sikia kilichonishangaza: gurudumu linapokata, hulioni. Glasi iko juu, gurudumu liko chini yake. Unaikandamiza kutoka juu huku ukitazama kupitia mdomo wake, ndani, ukiuona mstari unavyofunguka upande wa pili wa kioo. Ukikandamiza zaidi kidogo, mstari unanenepa, ukilegeza, unakatika. Mwalimu alinishika viwiko akavituliza mezani, akaniambia nisivinyanyue tena. Katika mistari minane niliyokata, mitatu ilinyooka.

Baada ya hapo akatuonyesha nanako, maana yake mayai ya samaki. Ni mistari myembamba sana inayokatana mshazari, imesongamana mpaka kioo kinaonekana kama kina magamba, na kila jicho dogo kati ya mistari lazima lilingane na jirani yake. Mkono ukiteleza mara moja, kazi yote imekwenda, kwa sababu kioo kilichosagwa hakirudi. Glasi nyeusi ndiyo ngumu kuliko zote: mwanga haupenyi vizuri, na fundi hana pa kuchungulia. Tangu siku ile sijauliza tena kwa nini bei iko juu.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uwaulize, nalo ni ung'arishaji. Mkato ukitoka kwenye gurudumu ni mweupe kama ukungu. Karakana nyingine huichovya glasi katika tindikali, inang'aa upesi, lakini kingo za mikato hulainika. Nyingine huzipitisha jiwe, kisha gurudumu la mti lenye uji wa unga wa kung'arishia, mkato baada ya mkato. Weka mbili hizo chini ya taa moja na utaiona tofauti: ya mkono inakata mwanga vipande vipande, ya tindikali inameta kwa upole. Ulizia "temigaki", yaani iliyong'arishwa kwa mkono. Mimi naona hapo ndipo pa kuongezea pesa, kuliko kwenye wingi wa michoro.

Kazi hii ilianza mwaka 1834, Tokyo ikiitwa Edo, pale Kagaya Kyubei, mwenye duka la vyombo vya kioo mtaa wa Odenmacho, alipochora kioo kwa unga wa msasa. Mwaka 1881 serikali ikamleta Mwingereza Emanuel Hauptmann kuwafundisha mafundi wa kiwanda cha Shinagawa ukataji wa Kizungu. Ukiwa dukani utaona pia Satsuma Kiriko, kioo cha kukatwa cha Kagoshima, kusini mwa Japani. Ile tabaka lake la rangi ni nene, hivyo rangi hufifia polepole kutoka nzito hadi nyeupe. Ni nzuri mno, ila mimi napenda ukali wa Edo, rangi na mwanga vikigongana bila kupatanishwa.

Niliyonunua mwishoni niliitoa kwenye ukumbi wa ushirika wa mafundi ulioko Kameido, yeni 24,000. Jina Edo Kiriko ni la ushirika huo, na masharti yake ni pamoja na kazi ya mkono na eneo la kutengenezea, kwa hiyo tafuta stika yao. Nilichagua mchoro wa kagome, yaani macho ya kikapu, kwa kuwa yalinikumbusha matenga ya nyumbani Tanga.

Huu ni mwezi wa nane naitumia kila siku, maji baridi na juisi ya ukwaju. Nikiinamisha macho ndani, kikapu kimoja kinakuwa vikapu kumi. Kasoro zipo. Chai ya moto usiitie hata siku moja, joto la ghafla litaipasua, na kwa sisi watu wa chai hilo ni pungufu kubwa. Haiingii mashine ya kuoshea vyombo, haipandishwi juu ya nyingine, na kwenye mikato uchafu hukaa usipoipitishia sponji laini.

Nilimwonyesha mama kwa simu ya video nikaiita glasi. Akanisahihisha: "Hiyo ni bilauri, mwanangu. Glasi ni hizi za kunywea maji." Ya kwake nimeshainunua, nyekundu, nanako kiunoni. Desemba naibeba kwenye begi la mkononi.