Unga wa grafaiti kwenye vitasa: uzoefu wangu, uzuri wake na kero zake

Watu wengi kitasa kikianza kuwa kizito wanakimbilia oili, ya kupikia, ya cherehani, yoyote iliyo karibu, na kweli siku hiyo ufunguo unazunguka laini kabisa, ila ngoja muda upite, oili inashika vumbi, vumbi linaganda kwenye zile pini ndogo za ndani na kitasa kinakuwa kibishi kuliko mwanzo. Mimi vitasa vyote vya ndani nimehamia kwenye unga wa grafaiti, ile nyeusi iliyomo kwenye penseli, na sina mpango wa kurudi kwenye oili.

Unakuja kwenye kichupa laini cha plastiki chenye mdomo mrefu mwembamba. Unaingiza mdomo kwenye tundu la ufunguo, unabinya kidogo, yaani kidogo kweli, unasikia "pfu", halafu ufunguo unauingiza na kuutoa mara kadhaa, unazungusha huku na huku, kisha unaufuta na kitambaa maana unatoka mweusi tii. Mlango wangu wa chumbani ulikuwa mpaka uinue ufunguo kidogo na kuutikisatikisa ndo ukubali, sa hivi unazunguka kwa vidole viwili na pini unazisikia zikipanda na kushuka. Ila kama kitasa kilishawahi kutiwa oili kisafishe kwanza kikauke kabisa, manake unga ukikutana na oili humo ndani unapata ujiuji mzito na hapo ndo utaitukana grafaiti bure.

Kwa nini inateleza? Ni kaboni tupu, atomi zake zimejipanga kwa matabaka, ndani ya tabaka zimeshikana kwelikweli lakini tabaka na tabaka zimeshikana kiulegevu, kwa hiyo ukisugua yanateleza moja juu ya jingine kama karata. Ni ile ile iliyomo kwenye penseli, kwenye penseli tu imechanganywa na udongo wa mfinyanzi. Ndo maana ukikosa kichupa, penseli inakutoa, chukua za 4B au 6B maana B ikipanda na grafaiti inazidi, za H achana nazo zina udongo mwingi. Paka kwenye mikato ya ufunguo pande zote, ingiza, toa, rudia. Zipu ya begi iliyokuwa inakwama nimeimaliza kwa penseli hiyo hiyo, ila zipu ya nguo nyeupe usithubutu. Wapiga gitaa nao wanapaka kwenye vile vifereji vinavyopitisha nyuzi pale juu ya shingo ili nyuzi zisinate ukiwa unatyuni.

Halafu kuna hili lilinifurahisha nilipoanza kufuatilia, grafaiti inahitaji unyevu wa hewani ili iteleze vizuri, haijiwezi peke yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege zilizoruka juu sana zilisumbua, brashi za kaboni kwenye majenereta yake, yaani vile vipande vya grafaiti vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme, zilikuwa zinalika haraka mno kwa sababu hewa ya huko juu ni nyembamba na kavu. Kwenye vyombo vya anga za juu, ambako hewa hakuna kabisa, wanatumia molibdenamu disalfaidi, nayo ni ya matabaka ila yenyewe haihitaji huo unyevu. Mlango wa nyumbani hauna shida hiyo bila shaka.

Sasa kero. Uchafu ndo namba moja, ukibinya kwa nguvu wingu jeusi linakurudia usoni na kwenye rangi ya mlango, na ukiukimbilia na kitambaa chenye maji unausambaza tu. Pili inapitisha umeme, kwa hiyo swichi, soketi, vitasa vya elektroniki na ndani ya kompyuta usiipeleke. Tatu haizuii kutu, kufuli la nje linalonyeshewa mvua mimi siliwekei grafaiti, na kwenye madirisha ya alumini pia naiacha kwa sababu grafaiti na alumini vikigusana penye unyevu inayoliwa ni alumini. Cheni ya baiskeli nayo iachie oili yake.

Bawaba zinazolia kwangu nimeona matokeo ya wastani, unga haukai, unadondoka sakafuni, labda uchomoe pini ya bawaba uipake penseli uirudishe, hapo kelele inaisha.

Kichupa kimoja kinakaa sana kwa sababu kila mara unatumia chembe tu, kwa hiyo usinunue kikubwa. Tatizo la changu ni kifuniko, hakibani, ukikilaza kwenye droo ya zana unakuta bisibisi zote zimekuwa nyeusi, kwa hiyo nakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni niliofunga fundo.