Tumekodi boti siku tisa na watoto watatu, haya ndo niliyoyaona

Boti yenyewe ni ya injini, urefu mita 11, vyumba viwili vya kulala na sebule ambayo meza yake ukiishusha inageuka kitanda. Tulikuwa watu watano, mimi, baba watoto na watoto wetu watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, mdogo 4. Tuliikodi bila nahodha. Baba watoto ana cheti cha kuendesha boti ila hajawahi kulala nayo majini hata siku moja, na mimi hapo nyuma nilikuwa abiria tu, kwa hiyo hizi nyota nne kati ya tano ninazowapa kampuni iliyotukodisha ni za mama aliyepanda akiwa na hofu ya kweli.

Nyota zao wamezipatia sehemu moja hasa, siku ya makabidhiano. Nilidhani tutapewa funguo na karatasi ya kusaini basi. Kumbe yule fundi wao, mzee mmoja mtulivu ambaye watoto walishaanza kumwita babu kabla hata hatujafungua kamba, alikaa na sisi saa nne nzima. Hakutuonyesha nanga, alituambia tuitie wenyewe, tuing'oe, tuitie tena, mara tatu, mpaka baba watoto akaweza bila kuangalia mikono yake. Akatueleza cheni inahesabiwaje, unachukua kina cha maji pale maji yatakapojaa kabisa, unaongeza urefu wa kutoka majini mpaka juu kwenye omo, yaani mbele ya boti, unazidisha mara tano, kwa hiyo kwenye mita nne za maji na mita moja ya omo unaachia cheni mita 25, na kama ni kamba tupu bila cheni unaenda mpaka mara saba. Alafu akamgeukia mkubwa wetu akampa redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, akamwambia, "Mjukuu wangu, baba na mama wakianguka majini wote wawili nani ataita msaada?" Mtoto akanyamaza. Akamfundisha pale pale, chaneli 16, neno Mayday mara tatu, jina la boti, mko wapi, mko wangapi, na kwamba ile chaneli si ya kupiga stori. Tukarudia mpaka wa kati naye akaijua. Mi hapo ndo hofu yangu ilianza kushuka, maana sikuwa tena mtu mzima nimebeba watoto, tulikuwa mabaharia watano, hata kama mmoja ana miaka minne.

Makoti ya kuokolea maisha walikuwa nayo kwa uzito wa mtoto, sio kwa umri, na hivo ndo inavyotakiwa. La mdogo wetu lilikuwa kubwa, ukimshika mabegani ukavuta koti linapanda mpaka masikioni, babu mwenyewe aliliona kabla yetu akaenda kuleta jingine lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Kama unakodi boti na watoto hili jaribio la kuvuta mabega lifanye wewe mwenyewe usimuachie mtu, koti likimvuka mtoto kichwani halina kazi.

Sasa safari. Njia yetu yote ilikuwa ya ndani, yaani ile milango ya bahari inayopita kati ya bara na visiwa, mikoko huku na huku, mawimbi ya bahari kuu unayasikia kwa mbali tu. Mwendo ni noti 6, kama kilomita 11 kwa saa, mtu wa baiskeli anakuacha, na kwa watoto hiyo ndo raha yake, wanaona ndege amesimama kwenye tope anavizia samaki, wanamuona anamkamata, wanamuona anammeza, vyote hivyo kabla hatujampita. Kampuni walitupangia maili za bahari zisizozidi 25 kwa siku, kama saa nne za kutembea. Siku ya pili tukajifanya tunajua tukaunganisha vituo viwili, ikawa saa saba, mdogo akalia saa mbili za mwisho zote na baba watoto akaingia gatini amechoka akaigonga tezi, yaani nyuma ya boti. Baada ya hapo ratiba yao tuliifuata kama ilivyo.

Siku ya nne tukapwewa. Hapa ndo nyota ya tano ilipodondokea.

Boti inahitaji maji ya kina cha sentimita 90 kuelea. Kipima kina kilikuwa kinasoma mita 1.2, sisi tukajua tuna nafasi, tunakata kona kukwepa mkondo, mara boti ikasimama taratibu kama gari kwenye mchanga. Kumbe kile kifaa kilikuwa kimesetiwa kihesabu kutoka kwenye uso wa maji, sio kutoka chini ya mkuku, yaani ule uti wa chini kabisa wa boti, na zile namba tulizokuwa tunazisoma siku zote kama akiba zilikuwa kina chote kwa ujumla. Kilichobaki chini yetu ni sentimita 30, na kwenye kona ile fungu la mchanga linapanda ghafla. Katika saa nne za maelezo hilo halikusemwa na wala halikuandikwa popote kwenye usukani. Najua na sisi tungeuliza, lakini kwenye boti ya kukodi hilo ndo jambo la kwanza mtu anatakiwa aambiwe.

Na ubaya maji yalikuwa yanakupwa na ilikuwa saa ya tatu tangu yaanze. Maji hayapungui sawasawa, saa ya kwanza inaondoka kama sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja, kwa hiyo saa ya tatu na ya nne peke yake zinaondoka na nusu ya maji yote. Dakika kumi za kujaribu kurudi nyuma zilitosha, boti ikawa imekaa. Tukawapigia kampuni, wakapokea mlio wa pili, babu mwenyewe ndo akaongea, sauti ile ile ya taratibu. Akasema zima injini isivute mchanga, chukua kiboti cha mpira mpeleke nanga upande wenye kina kirefu mkaiangushe huko, ili maji yakirudi yasiwasukume juu zaidi ya fungu, fungeni madirisha ya upande boti inaolalia, alafu watoto wapeni kazi. Tukafanya hivo. Boti ikalala kidogo, fungu likatoka nje lote, watoto wakashuka wakaizunguka boti yao wanaikagua chini, wa kati akaona propela kwa mara ya kwanza na kuelewa kwa nini babu alikataza kabisa kuogelea injini ikiwa inawaka. Karibu saa saba tulikaa pale. Maji yalipojaa tukajivuta kwa ile nanga tukatoka, hakuna kilichovunjika. Na tangu siku hiyo mkubwa ndo msoma jedwali la maji, anajua kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kesho yake yanachelewa kama dakika 50, na anajua siku za bamvua, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine, ukikwama kwenye kilele cha maji unaweza kusubiri mno, maana kila siku baada ya hapo maji yanafika chini kidogo kuliko jana.

Miji ya bandari sasa. Tuliingia mitano, na mitatu kati yake nilishawahi kuifikia kwa barabara, na naapa sikuwahi kuiona. Ukija kwa gari unaingia mji kupitia mgongoni, kwenye magereji na stendi. Ukija kwa maji unaupata usoni, ngome imeangalia mlango, mnara wa taa, maghala, nyumba ya forodha, na vichochoro vyote vinashuka kuja gatini kwako, unaelewa mara moja kwa nini mji umekaa hapo na si pengine, hapo ndo kina kirefu kinapousogelea ukingo na kisiwa kinaziba mawimbi. Watoto walipenda zile taa mbili za kuingilia, moja mbele chini moja nyuma juu, ukiziona zimepangana uko katikati ya njia, zikiachana umetoka. Walikuwa wanapigiana kelele "zimeachana, zimeachana!" na baba yao anarekebisha usukani. Maboya pia, kwenye sehemu kubwa ya dunia ukiingia bandarini nyekundu inakaa kushoto kwako na kijani kulia, ila mabara ya Amerika, Japani, Korea Kusini na Ufilipino ni kinyume chake, kwa hiyo ukisafiri kukodi nchi nyingine hakikisha kabla ya kuwasha injini. Na gatini kuna vile vichuma vya kufungia kamba, kuna kimoja kimelika mifereji ya kamba mpaka mdogo anaingiza kidole kizima, alikaa nacho muda mrefu kuliko alivyokaa ndani ya jumba la makumbusho.

Ushauri wa kulala siku mbili kila mji tuliupata kwao na ni wa kuuzingatia, usiku mmoja hautoshi, unafika umechoka na asubuhi maji yanakuita uondoke.

Mengine haraka haraka. Tangi la maji lita 400 liliisha siku ya tatu, watoto na bomba la kuogea ndo hivo. Tangi la choo ni dogo, panga mapema wapi utalitoa. Kengele ya hewa ya sumu ya injini ipo na inafanya kazi, niliibonyeza mwenyewe kila jioni. Kiboti cha mpira kilikuwa kinapoteza upepo, kila asubuhi pampu, na tukikumbuka siku ya fungu kile ndo kilibeba nanga yetu, kingekuwa kimelegea siku ile sijui tungefanyaje.

Tuliporudisha boti baba watoto aliwaeleza suala la kipima kina, babu akaandika karatasi pale pale akaibandika juu ya kioo kwa gundi, "HIKI KINASOMA KUTOKA JUU YA MAJI, TOA 90". Tumeshaomba boti ile ile likizo ijayo, na sharti letu kwenye fomu ni moja tu, kiboti kipya.