NAM na Reaper: uzoefu wangu wa kurekodi gita la solo chumbani bila amplifaya

Ninapiga gita la solo, muziki wa dansi, na nimepanga chumba kimoja Sinza. Upande wa pili wa ukuta kuna mama mwenye mtoto mchanga. Nafasi ya kurekodi naipata baada ya saa nne usiku, na amplifaya yangu yenye spika ya inchi 12 haina utamu mpaka uifungue. Ndiyo maana tangu mwaka jana nimehamia kwenye amplifaya za kompyuta. Naandika hasa kwa wenzangu wa sauti safi, yaani gita lisilokwaruza, kwa sababu maelezo mengi niliyokutana nayo ni ya wapigaji wa roki na metali, na mahitaji yao ni mengine kabisa.

Natumia laptop ya Windows yenye RAM ya GB 8, kadi ya sauti ya Focusrite Scarlett Solo, na Reaper, programu ya kurekodia, ambayo unaijaribu siku 60 ikiwa kamili kabla ya kulipia leseni ya dola 60. Amplifaya yenyewe ni Neural Amp Modeler, wengi tunaiita NAM, programu ya bure iliyoanzishwa na Steven Atkinson. Mtu mwenye amplifaya halisi anapitisha ndani yake sauti maalumu ya majaribio, anarekodi kinachotoka, kisha kompyuta inajifunza tabia ya chombo kile na kuihifadhi kwenye faili; huko ndiko kunasa. Faili hizo zimejaa kwenye tovuti ya TONE3000 na unazipakua bure.

Wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Gita lilikuwa hafifu, limefunikwa kama blanketi, hata nikifungua treble yote. Kumbe sikuwa nimebonyeza INST kwenye kadi, kitufe cha kuchomekea gita. Pikapu za gita, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa waya, zinatoa nguvu dhaifu. Ukizichomeka kwenye njia iliyotengenezewa kinanda au miksa, nguvu inapotea na ile ncha ya sauti inakufa. Nilipobonyeza, waya wa kwanza ulilia mpaka nikavua hedifoni nikaziangalia.

Geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye kadi, nayo usiipuuze. Piga chodi kwa nguvu kuliko utakavyopiga kwenye wimbo, halafu shusha mpaka taa isiguse nyekundu. Mimi vilele vyangu naviacha kwenye -12 dB hivi. Kwa sauti safi hapa ndipo penye siri, kwa kuwa ukiingia na nguvu nyingi hata amplifaya ya Fender Twin iliyonaswa ikiwa safi inaanza kukwaruza, na utailaumu faili bure.

Lililonisumbua kuliko yote ni kuchelewa kwa sauti. Kwenye sebene kidole kinaongoza na sikio linakifuata papo hapo. Bafa yangu, yaani idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzishughulikia, ilikuwa 512. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hiyo ni karibu milisekunde 10.7, na sauti inapita humo mara mbili, kuingia na kutoka, jumla zaidi ya 21. Ni kama kupiga huku amplifaya iko mita saba mbele yako. Nilijikuta nawahi kila pigo ili sauti inifikie kwa wakati, na nikisikiliza baadaye gita liko mbele ya ngoma. Niliweka dereva ya ASIO ya kadi yenyewe, programu inayoiunganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sana, nikashusha bafa hadi 128, na mkono ukarudi mahali pake. Laptop ikilemewa, tafuta faili zilizoandikwa Lite au Feather. Ni nyepesi kuliko zile za Standard.

Angalia pia kama faili ina spika ndani au ni kichwa tu. Kichwa bila spika kinalia kama nyuki ndani ya kopo, kwa hiyo unakiongezea faili ya spika, ile inayoitwa IR. Ikiwa imenaswa na spika yake, usiongeze nyingine. Mimi niliongeza, nikashinda siku mbili natafuta treble niliyoiua mwenyewe.

Nilikuwa na hamu kubwa ya amplifaya ya Roland JC-120, maana koras yake, ule mtetemo unaofanya gita moja lisikike kama mawili, imo kwenye nyimbo nyingi tulizokulia. Nilipakua faili tatu, zote safi, hakuna hata moja yenye lile wimbi. NAM inanasa tabia ya amplifaya ikiwa imetulia kwenye mpangilio mmoja. Kitu kinachoyumba na muda, kama koras au mwangwi, haikishiki. Tena koras ya JC inatokea kwenye spika mbili, na NAM inatoa mono, njia moja tu ya sauti. Nimeweka koras iliyomo ndani ya Reaper baada ya NAM, na delei fupi juu yake. Inakaribia. Ile yenyewe bado.

Nilijaribu pia Archetype: Cory Wong, programu ya amplifaya ya kulipia ya kampuni ya Neural DSP ya Ufini, siku 14 za majaribio. Kwa sauti safi ni tamu sana, kompresa (ya kusawazisha nguvu ya mapigo) na kila kitu kiko tayari, na siku nikipata fedha nitainunua. Lakini kazi ninazotoa sasa NAM inazibeba.

Ninachokikosa ni hewa. Kanda za zamani za Radio Tanzania zina chumba ndani yake, unasikia gita limesimama mahali. Kwenye hedifoni kila mkwaruzo wa piki uko uchi. Na ukikaa karibu na chaja ya laptop, pikapu za koili moja zinavuma; mimi nachomoa chaja na kugeuza kiti kuelekea dirishani, mvumo unapungua kabisa.

Kinachonifanya nisirudi nyuma ni kwamba Reaper inahifadhi gita kavu, kama lilivyoingia kabla ya amplifaya, na amplifaya inakaa juu yake tu. Jana nilifungua wimbo nilioupiga mwezi wa tatu, nikatoa Twin, nikaweka JC na koras. Mkono ni uleule wa usiku ule, hata pale nilipoteleza fret ya saba, lakini sasa solo imepanda juu ya ridhimu bila kuongezwa sauti.